Mshabiki Mgeni

Swali lilimkuta Nkwabi ameshika mpini wa winchi. Sostenes alikuwa ameketi kwenye mdomo wa duara, shimo la kuchimbia dhahabu, miguu inaning'inia kizani, kamba imemzunguka kiunoni, akagoma kushuka mpaka ajibiwe.

"Mzee, tangu umekuja hujatuambia. Wewe ni Simba au Yanga?"

"Mimi ni Msukuma wa Mwakitolyo," Nkwabi alijibu.

Wachimbaji waliokuwa wakisubiri zamu zao walicheka mpaka wakakohoa. Hapo Nyarugusu mtu aliweza kukosa viatu, akakosa hata kitambulisho, lakini hakukosa timu. Nkwabi alikuwa na mvi kichwani, na mpira kwake ulikuwa kelele za redio za watu wengine.

"Sasa, mzee, kabila si timu," Charles alimwambia. Huyu Charles alikuwa kijana wa maneno mengi na simu haimtoki mkononi. "Chagua."

"Si mna timu yenu hapa Geita? Nitaishabikia hiyo."

"Hiyo ya nyumbani ni ya nyumbani, kama mama mzazi. Lakini mtu lazima awe Simba au awe Yanga. Asiyekuwa popote huyo tunamwogopa. Atakuwa mpelelezi."

Nkwabi alicheka nao ili asionekane mshamba, halafu akamtazama mkwewe. Donatus, msimamizi wa duara lile, alikuwa amesimama pembeni akihesabu mifuko mitupu, amevaa kofia nyekundu. Ndiye aliyemwoa Wema, binti wa Nkwabi, na ndiye aliyempa baba mkwe wake kazi ya winchi. Kazi yenyewe ni kuzungusha mpini, kushusha watu na kupandisha mawe. Haikuwa kazi ya nguvu sana kama ilivyokuwa kazi ya kuaminiwa, maana mtu aliyeko chini ya ardhi hana ndugu mwingine isipokuwa mkono wa yule aliyeko juu. Nkwabi aliipenda kwa sababu moja kubwa zaidi. Mzee wa Kisukuma akila bure kwa mkwewe, kila tonge linamkaba. Kwa winchi hiyo alikuwa na mgawo wake, ananunua unga wake mwenyewe, na alikwisha kumtumia mkewe salamu kwamba akipata chumba cha kupanga atamhamishia huku.

"Basi mimi ni wa upande wa mkwe wangu," alisema. "Simba."

Wengi wa pale walikuwa Simba, wakashangilia. Donatus alitabasamu mpaka meno yakaonekana. Jioni alimletea mzee jezi nyekundu iliyokunjwa vizuri, akamkabidhi kwa mikono miwili kama desturi inavyotaka mkwe akimpa mkwe.

Wasukuma hawakusubiri mpira uje ndipo wajue kugawanyika. Nkwabi alizaliwa upande wa Bagalu kwa sababu baba yake alikuwa Mgalu, na kwa majirani zao walikuwapo Bagika, na kila baada ya mavuno pande hizo mbili zilishindana kwa ngoma katika uwanja mmoja, kila kundi na duara lake la watazamaji. Hivyo alipoambiwa habari za watani wa jadi alidhani ameelewa kila kitu. Hakuwa na wasiwasi wowote.

* * *

Banda la Paskazia lilikuwa la mabati juu na mabati pembeni, na watu waliliita banda umiza kama wanavyoyaita mabanda yote ya kuoneshea mpira, na kweli liliumiza. Benchi za kushoto zilikuwa za wekundu, za kulia za njano na kijani, katikati njia nyembamba ya kupitia. Siku ya watani Paskazia mwenyewe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza maandamano, alisimama mlangoni akikusanya viingilio na kuwaonya watu wasirushiane chupa.

Donatus alimlipia mzee. Alimketisha benchi ya mbele pamoja naye, akamweleza nani kipa, nani beki, na kwa nini yule mwenye filimbi hana rafiki. Watu wa duara walikuja kumpa mkono mmoja mmoja. "Mzee wetu! Leo umependeza!" Nkwabi alijisikia mtu miongoni mwa watu, jambo ambalo hakulitarajia katika mji wa mgodi ambako hakuna anayejua jina la baba yako.

Mpira ulipoanza alijitahidi kupiga kelele pale wenzake walipopiga. Kisha Yanga wakafunga. Wekundu walinyamaza kama waliofiwa. Nkwabi aliona ni bahati tu, akabaki kimya nao. Lakini kipindi cha pili Yanga walianza kupasiana mpira kwa namna iliyomshika macho, mguu kwa mguu, hakuna anayehangaika, mpaka mmoja akauzungusha juu ya kichwa cha kipa, taratibu, ukaingia. Mzee aliguna kwa furaha. Ilikuwa kazi safi, na kwao kazi safi haiachwi hivihivi.

Kwenye mbina, yaani ngoma ya mashindano, mcheza ngoma habanduki kwenye kundi lake hata mvua ya mawe ikinyesha. Lakini mtazamaji ana miguu yake. Ukiona upande wa pili wanacheza vizuri zaidi, unavuka, unakwenda kuwatazama, na hivyo ndivyo mshindi anavyojulikana, kwa wingi wa watu waliovutwa. Mgalu anaweza kusimama jioni nzima akiwatazama Bagika na hakuna atakayemwuliza. Kesho yake atarudi kwao na kuwaambia waongeze bidii.

Nkwabi aliinuka. Akavuka ile njia nyembamba ndani ya jezi yake nyekundu, akaketi kwenye benchi ya njano, akapiga makofi.

Upande wa njano ulilipuka, watu wakambeba juujuu, mmoja akamvisha skafu ya njano na kijani shingoni, mwingine akapiga yowe, "Simba wamehama na wazee wao!" Nkwabi alikuwa akitabasamu bado, akidhani ndiyo heshima ya huku, mpaka alipomwona Charles amenyoosha simu kumrekodi huku machozi ya kicheko yanamtoka, na nyuma ya Charles akamwona Donatus. Mkwewe alikuwa amevua kofia, anautazama udongo kati ya viatu vyake. Hapo ndipo mzee alipojua kwamba amefanya jambo, ingawa hakujua jina lake. Masikio yalimwaka moto. Alitaka kurudi upande wa kwanza lakini miguu, ile ile iliyomleta, ilikataa.

* * *

Asubuhi Sostenes alifika duarani mapema, akakuta Nkwabi ameshika mpini, akaweka kofia yake ya tochi chini.

"Mimi sishuki na huyu juu."

Donatus alimwambia aache utani.

"Si utani, bosi. Mtu amehama timu dakika ya sabini, jezi iko mwilini. Mimi nikiwa kule chini mwamba ukaanza kulia, yeye atashika kamba au atakwenda kwa wanaoshinda?"

"Ule ni mpira, Sostenes."

"Na hii ni roho yangu."

Hata kwa wengine, hakuna aliyejifunga kamba. Nkwabi alitaka kueleza. Alianza, "Kwetu, kwenye mbina..." na Charles akadakia, "Kwetu kwenye mbina!" kwa lafudhi ya Kisukuma nzito kuliko ya mzee mwenyewe, na kicheko kikafunika yaliyobaki. Kuna maelezo ambayo kadiri unavyoyatoa ndivyo unavyozidi kuvuka njia ile nyembamba mbele za watu.

Donatus alimchukua pembeni. Hakumtazama usoni.

"Baba, nisamehe. Kwa siku chache nenda kwenye karasha, uwasaidie akina mama kuchambua mawe. Haya mambo yatapoa."

Hayakupoa. Pale kwenye mashine ya kusagia mawe, mzee aliketi katikati ya wanawake, nyundo mkononi, vumbi jeupe kichwani juu ya mvi zake, na wapita njia wakampa jina: Mzee Hamahama. Watoto walilijua kabla ya watu wazima. Wanawake walikuwa na huruma, na huruma yao ilimuuma zaidi, maana walimchagulia mawe madogo. Nyumbani Wema alimwekea ugali bila kumwuliza chochote, akampakulia mboga nyingi kuliko za mumewe. Nkwabi alikula akiona haya kwa kila tonge. Unga haukuwa wake tena.

Jumamosi Donatus alibisha hodi kwenye chumba cha uani alicholala mzee, akasimama nje ya mlango.

"Baba, kesho jioni Simba anacheza na timu ya mkoa mwingine. Watu wa Yanga watajaa pale kuwashangilia wageni, unajua walivyo. Njoo ukae nasi. Kaa tu. Hata tukifungwa, hata nyumba ikiungua, usiinuke mpaka filimbi ya mwisho. Nimezungumza na Sostenes. Akikuona umekaa, Jumatatu unarudi kwenye winchi."

"Nitakaa," alisema Nkwabi. "Nakuahidi, mkwe. Sitainuka."

* * *

Limi, mke wa Nkwabi, alifika siku hiyohiyo kutoka Mwakitolyo, kikapu cha michembe, vile viazi vikavu vya kwao, kichwani na kuku kwapani. Hakuwa ameitwa. Alimbusu mjukuu wake Nelly, akazunguka nyumba akipita mbali na mahali alipokaa Donatus, kama mama mkwe apasavyo kumpita mkwewe wa kiume, akaingia chumba cha uani na kumkuta mumewe amelala kifudifudi.

"Mwangaluka, baba Wema. Kumbe huku watu wazima wanalala mchana?"

"Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kukuona. Kijana wa jirani alituonesha kwenye simu. Nimekuona unavuka." Alianza kucheka, kicheko chake kile cha kujishika mbavu. "Ulitembea vizuri! Kama siku zile uwanjani."

"Nyamaza."

"Mbona unakasirika? Kosa liko wapi? Walicheza vizuri, ukaenda kuwatazama. Ningekuwapo nami ningevuka."

Nkwabi aliketi. Alimweleza yote, ya winchi, ya karasha, ya jina lile. Hakumweleza mambo ya wanawake kumchagulia mawe madogo, hilo lilimshinda. Limi aliacha kucheka. Alikaa kando yake kitandani, akamshika mkono uliojaa malengelenge ya nyundo.

"Kesho nitakwenda nawe," alisema. "Nikae karibu. Mtu akiwa na mwenzake hachekwi sana."

"Usije. Si mahali pa wanawake."

"Wema anasema mwenye banda ni mwanamke."

"Nimesema usije, Limi! Nimekwisha kudhalilika vya kutosha peke yangu."

Limi aliutoa mkono wake polepole, akainuka kwenda kumsaidia binti yake jikoni. Nkwabi aliona ameyasema vibaya, akajiambia atayasawazisha baada ya mechi, akishakuwa mtu tena.

* * *

Walimpa nafasi katikati, Sostenes kulia, Charles kushoto, Donatus mbele yao. Ilikuwa kama kumlinda mfungwa. Charles alimgusa kiuno, akasema, "Nimetafuta msumari nikupigilie, nimekosa," na mzee akacheka kwa sababu alipaswa kucheka.

Simba walianza vizuri. Nkwabi alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Sostenes alimpigapiga begani mara moja, na pigo hilo dogo lilimwingia mwilini kama chai ya moto. Akaiona Jumatatu, mpini mkononi, kamba imekaza.

Ndipo wageni walipofunga. Kijana wao mmoja mwembamba aliuchukua mpira kwenye nusu yake mwenyewe, akampita wa kwanza, akampita wa pili, akamwacha wa tatu ameketi chini, akafunga. Lilikuwa bao la kumfanya adui ashike kichwa. Nkwabi aliuma midomo, akaganda kwenye benchi. Na katikati ya makelele ya upande wa njano, kikapanda kigelegele.

Hakikuwa cha kubahatisha. Kilikuwa kirefu, cha uwanjani, kile ambacho mwanamke wa Kisukuma humtunza nacho mcheza ngoma aliyeupiga mchezo mpaka vumbi likaamka. Nkwabi alikijua kabla hajageuka. Miaka ile, kilikuwa kikipanda kwa ajili yake.

Limi alikuwa amesimama karibu na mlango, upande wa njano, kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi. Alikuwa amejifunga kitenge chekundu. Bila shaka alikuwa amekichagua kwa makusudi.

"Mama apewe jezi!" walipiga kelele watu wa njano. "Mama yetu huyo!"

"Nani kamleta?" Charles aliuliza, simu imekwisha kuwashwa. "Cheki, nguo nyekundu, kigelegele cha wageni! Hamahama mwingine!"

Benchi nzima ya wekundu ilicheka na kugeuka. Limi hakujua kinachochekwa. Alikuwa akimtafuta mumewe kwa macho, na alipomwona alitabasamu, akainua mkono kidogo, mkono wa kusema niko hapa.

Sostenes aliinama sikioni mwa mzee. "Mama anakupungia wewe. Ni wa kwenu?"

Mtu akisimulia jambo kama hili husema shetani alimwingia. Hakuna shetani aliyeingia. Nkwabi aliona karasha, akaona vumbi jeupe, akasikia watoto wakiimba lile jina, sasa kwa watu wawili, bwana na bibi. Aliona kwamba neno moja litamwokoa.

"Simjui."

"Eti?"

Ikabidi alirudie, kwa nguvu zaidi ili lisikike juu ya kelele, na kelele nazo zikawa zimeanza kutulia.

"Huyo mama simjui mimi!"

Mkono wa Limi ulishuka. Alivuta kitenge chake mabegani kama mtu aliyehisi baridi, akawa anatazama huku na huku akitafuta mlango ambao ulikuwa nyuma yake.

Aliyeinuka ni Donatus. Alivua kofia yake nyekundu, akaingia kwenye ile njia nyembamba, akavuka. Hakuna aliyepiga mluzi. Tangu amwoe Wema hakuwahi kumkaribia mama mkwe wake kuliko umbali wa uani, ndivyo adabu inavyotaka, na hata sasa alisimama hatua kadhaa mbele yake, akainama, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," alijibu Limi.

"Tutangulie nyumbani, mama. Nelly anakuulizia." Kisha akageukia benchi, na hakuwa na haja ya kupaza sauti. "Huyu ni mama mkwe wangu. Ndiye aliyemzaa mke wangu."

Hakusema ni mke wa nani. Paskazia alisogea kuwapisha mlangoni, na yeye pia akamwamkia Limi. Charles aliizima simu yake, akaiweka mfukoni.

Nkwabi alibaki ameketi. Alikuwa ameahidi kwamba hatainuka, na hakuinuka. Simba walisawazisha, kisha wakashinda, watu wakarukaruka na kukumbatiana juu ya kichwa chake, na hakuna hata mmoja aliyemgusa. Filimbi ya mwisho ilipolia alijikuta peke yake kwenye benchi, anamtazama mtangazaji akitangaza sabuni.

* * *

Hakwenda nyumbani. Alijikunja kwenye kibanda cha mlinzi pale duarani, juu ya mifuko mitupu, akipanga maneno ya kumwambia mkewe, na kila alipoyapanga aliyaona hayafai. Aibu za kwanza zote, ya kuvuka, ya karasha, ya ugali wa mkwe, zilikuwa zimemjia kutoka kwa watu. Hii hakuna aliyemletea. Ilikuwa yake, na hakujua mtu anaiweka wapi.

Kulipokucha watu walikuja kazini. Donatus hakuwamo. Charles aliunyoosha mpini wa winchi kuelekea kwa mzee bila neno lolote la mzaha, kwa kuwa waliahidi na yeye alikaa mpaka mwisho. Nkwabi akaushika. Ulikuwa wa baridi, na mikono yake iliujua.

Sostenes alikuja wa mwisho, anatokea njia ya barabarani, buti zimejaa umande. Aliketi kwenye mdomo wa duara, akajizungushia kamba kiunoni, akafunga fundo la kwanza.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Mama ameamkaje?"

Nkwabi aliutazama mpini. "Ameamka salama," alisema. "Nimemwacha anachemsha chai."

Bila hasira, Sostenes akaanza kulifungua lile fundo.

"Nimetoka stendi sasa hivi," alisema. "Nimempandishia mama kikapu chake kwenye basi."

Akaivua kamba kiunoni, akaiachia, akarudi nyuma na kuketi juu ya rundo la mawe pamoja na wenzake. "Tumngoje Donatus," aliwaambia. Nao wakangoja. Kamba ikaning'inia ndani ya shimo bila mtu, na Nkwabi akabaki ameushika mpini kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote.